Benchi lililojinyonga: kabla hujashika randa

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni seremala kijana, nina karakana ndogo Morogoro. Nimenunua benchi kuukuu la mninga kwa mzee aliyefunga kazi: mbao tatu za inchi 2 zilizoungwa kwa gundi, urefu futi 7, upana inchi 26. Nimeweka pimamaji nikaona halina usawa: katikati limebonyea, na kona moja ya mbele iko juu. Milango miwili ya paneli niliyoifungia juu yake imetoka imejinyonga, mteja kaikataa. Rafiki yangu anasema nijaze unga wa mbao na gundi, halafu nigongelee marine board (ubao wa plaiwudi) juu. Mwingine anasema ning'oe uso wote nipeleke mashineni. Nina randa ya mkono namba 5 na randa ndogo ya umeme. Nifanye nini, na nitajuaje kwamba limekuwa sawa vya kutosha?*

Marahaba, fundi. Kilichonisimamisha katika swali lako ni pale uliposema umeweka pimamaji ukaona benchi halina usawa. Hapo Kiswahili chetu kimekutega kidogo. Neno usawa linabeba mizigo miwili: kuna usawa wa kulala kama maji yalivyolala, na kuna usawa wa uso usio na mlima wala bonde. Kwa mwashi hivyo viwili huenda pamoja karibu siku zote. Kwetu sisi haviendi. Meza iliyomo ndani ya jahazi huyumba na bahari mchana kutwa, lakini kama ilipigwa randa vizuri inabaki bapa vilevile. Benchi lako linaweza kuinamia mlangoni na bado likakutolea mlango ulionyooka. Tena pimamaji inaweza kukuonyesha kiputo kimetulia katikati ya benchi huku kona zake nne kila moja ikielekea kwao.

Kilichokunyongea milango ni ukosefu wa ubapa. Basi pimamaji iweke kando. Utaihitaji mwisho, kama utaihitaji.

Unachohitaji sasa ni rula ndefu unayoiamini. Nenda kwa mafundi wa madirisha, omba kipande cha bomba la pembe nne la aluminiamu chenye urefu wa futi 6 au 7, kisha usiliamini hadi ulijaribu. Liweke juu ya ubao mpana, chora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri kufuata ukingo wake. Ligeuze upande wa pili wa mstari, ukingo uleule uuguse mstari, chora tena. Kama mistari miwili imelaliana, rula ni nzuri. Kama kuna pengo katikati au kwenye ncha, kosa la rula ni nusu ya pengo unaloliona. Nimeona mafundi wakishinda wiki nzima wakilinyoosha benchi kwa rula iliyopinda, na benchi likatii likapinda sawasawa na rula.

Vipimo vya chuma vya kupimia mapengo membamba sijui kama unavyo, lakini karatasi za fotokopi hazikosekani. Rimu ya karatasi 500 za kawaida ina unene wa kama sentimita 5, kwa hiyo karatasi moja ni sehemu ya kumi ya milimita. Laza rula juu ya benchi, chomeka karatasi chini yake: zikiingia tano bila kulazimishwa, hapo pana nusu milimita. Pita hivyo kwa urefu mahali patatu, kwa upana kila baada ya futi moja, na kimshazari kutoka kona hadi kona. Andika namba kwa chaki pale pale juu ya mbao. Ukimaliza utakuwa na ramani ya nchi yako, milima na mabonde.

Ramani hiyo itakuonyesha kibonde cha katikati. Mnyongo, yaani kule kujinyonga kwa uso, huuoni vizuri kwa rula, na mnyongo ndio uliokukosesha hela ya milango. Huo tunaukamata kwa kamba mbili. Chonga vipande vinne vidogo vya mbao vyenye unene mmoja, tuseme inchi moja, kata vyote kutoka ufito mmoja ili visitofautiane. Weka kimoja kila kona. Vuta kamba nyembamba ya mwashi kutoka kona hadi kona ya mshazari, ikae juu ya vipande, ikazwe hasa isilegee. Vuta ya pili kwenye kona nyingine mbili, ipite juu ya ile ya kwanza. Pale zinapokutana katikati, zinatakiwa zigusane kama watu wawili wanaopishana kwenye kichochoro: nguo zinagusana lakini hakuna anayemsukuma mwenzake. Ukiona pengo, benchi limejinyonga. Ukiona ya juu inaegemea ya chini na kuikunja, limejinyonga kwa upande mwingine. Zibadilishe, ya chini iwe juu, pengo litajitokeza ulipime.

Pengo hilo lina hesabu yake, ishike vizuri maana itakuokolea mbao. Pengo la milimita 3 katikati maana yake kona moja imepotoka kwa milimita 6 ukizilinganisha na tatu zilizobaki. Fundi asiyejua atakwenda kula milimita 6 zote kwenye kona hiyo moja. Lakini "kona moja iko juu" ni namna tu ya kusema. Uso uliojinyonga una kona mbili za mshazari zilizo juu na mbili zilizo chini. Inategemea umesimama wapi unapotazama. Wewe umeona kona moja ya mbele iko juu kwa sababu pimamaji ilikuambia nyingine tatu zimelala. Basi usile 6 mahali pamoja: ondoa 3 kwenye kona hiyo na 3 kwenye kona inayotazamana nayo kimshazari, ukipunguza taratibu kuelekea kona mbili zilizo chini, ambazo hutazigusa. Benchi litakuwa bapa. Litakuwa limeinama kidogo pia, na kuinama tunakumaliza kwa kukata miguu au kuweka vipande chini yake, hakutugharimu unene wa mninga. Ndiyo maana nilikuambia uweke pimamaji kando.

Sasa, usichukue randa bado.

Nilipokuwa kijana wa umri wako, Tanga, nilishinda siku mbili nikilipiga randa benchi langu la kwanza. Likatoka kama kioo. Nikalisogeza upande wa pili wa banda, karibu na dirisha, nikavuta kamba ili nijisifu kwa mwenzangu. Pengo lilelile. Nilikuwa nimelinyoosha benchi kufuata ubovu wa sakafu ya pale lilipokuwa. Mguu mmoja ulikuwa unaning'inia kwenye kishimo cha saruji, uzito wa mbao ukaivuta fremu, fremu ikauvuta uso, nami nikaukata uso ufanane na kishimo. Sakafu ilipobadilika fremu ikarudi ilikotoka, na kazi yangu ya siku mbili ikageuka mnyongo.

Kwa hiyo amua kwanza benchi litakaa wapi kwa miaka. Liweke hapo. Sukuma kila kona kwa mkono. Inayocheza itie kabari chini ya mguu mpaka ikome. Usigonge kabari kwa hasira, ukizidisha utakuwa unainua badala ya kuegemeza. Kisha rudia kamba. Sitashangaa ukiona nusu ya mnyongo wako imepotea kabla ya maranda yoyote kudondoka chini. Ikiwa viungo vya miguu vimelegea, vikaze au vigundishe upya sasa hivi, kwa sababu benchi lenye miguu inayocheza halina umbo lake; lina umbo la siku hiyo.

Baada ya hapo lala chali uingie chini ya benchi. Sifanyi mzaha. Tazama uso umefungwaje kwenye mbao za kulalia. Mti ukinyonya unyevu hutanuka kwa upana, na ukikauka husinyaa kwa upana; kwa urefu hausogei kiasi cha kukusumbua. Uso wa msonobari wa Mufindi wenye upana kama wako, ukipoteza au kunywa asilimia 4 tu za unyevu, unaweza kutembea milimita 6 hivi. Mninga ni mtulivu, nadhani ndiyo sababu mzee wako aliuchagua. Hutembea chini ya nusu ya hapo. Lakini hutembea. Ukiwa umepigiliwa misumari pande zote mbili, au skrubu zimebana kwenye matundu ya mviringo, hauna pa kwenda. Utabinuka au utapasuka. Dawa yake ni kukaza skrubu za mstari wa katikati, halafu zile za pembeni kuzitolea matundu marefu ya kuelekea upana, ili skrubu iteleze huku imeshika. Ukilifanya hilo, uache uso upumzike siku kadhaa kabla ya kupima tena, kwa sababu mbao iliyofungwa muda mrefu ikifunguliwa hujinyoosha polepole kama mtu aliyeshuka basi la usiku.

Tazama pia ncha za mbao tatu. Utaona mapindo ya pete za mti. Ubao unapokauka pete hizo hujaribu kunyooka, na upande uliokuwa karibu na gome ndio unaobonyea. Kama mbao zote tatu zimelazwa gome juu, kibonde chako cha katikati kimejieleza chenyewe. Kama zimelazwa kinyume, mchawi ni mwingine: miaka ya nyundo na patasi, au mzee alipaka mafuta juu tu akasahau chini, upande mmoja ukawa unapumua kuliko mwingine.

Na msimu. Morogoro masika yakiwa yamekolea, mbao zinakuwa zimeshiba. Ukiliranda benchi Aprili utaliranda likiwa limevimba. Mimi ningelipima sasa, nirekebishe miguu na skrubu, halafu randa nije kuishika hewa ikiwa imetulia, Juni au Julai. Kama kazi haikusubiri, fanya, lakini ujue utarudi kuligusa kidogo.

Nikujibu marafiki zako. Huyu wa unga wa mbao na gundi, mwambie asante. Kijazio hicho kinafaa kwenye tundu la msumari lisilobeba kitu. Kwenye uso unaopigwa nyundo kila siku kitameguka vipande, na kila kipande kitakwenda kujibana chini ya mlango wa mteja. Marine board ni fikra nzuri iliyokuja mapema mno. Ya milimita 18 ukiikaza kwa skrubu juu ya kibonde, itafuata kibonde. Juu ya mnyongo, itajinyonga nayo. Kwanza bapa, halafu ukitaka kuweka ubao wa juu wa kuumizwa na patasi na kubadilishwa ukichoka, weka.

Wa mashine anahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa wengi wanapoteza mbao hapo. Ile mashine inayoingiza ubao upande huu na kuutoa upande wa pili ukiwa na unene mmoja haiwezi kuondoa mnyongo. Magurudumu yake yanaukandamiza ubao unyooke wakati kisu kinapita, na ukitoka nje unarudi ulivyokuwa. Umeingiza ubao mnene uliojinyonga, umetoa ubao mwembamba uliojinyonga. Ya kunyoosha ni ile nyingine yenye meza mbili na kisu katikati, unayosukuma ubao juu yake kwa mikono, na sijaona mtaani yenye upana wa inchi 26. Njia ya mashine kwa benchi lako ingekuwa kuupasua uso kwenye mistari ya gundi, kunyoosha kila ubao peke yake, kisha kuunga upya. Ningefanya hivyo kama kibonde kingezidi milimita 8 au mnyongo ungekuwa wa kutisha. Chini ya hapo, mkono unatosha, na inchi 2 zako zitabaki karibu inchi 2.

Haya, sasa kuranda. Lakini kabla ya kisu kugusa mbao, tafuta chuma. Benchi kuukuu lina misumari iliyokatika, pini, vichwa vya skrubu vilivyomezwa na uchafu. Ng'oa sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kitambaa laini, ipitishe polepole juu ya uso wote. Inapovutwa, weka alama. Unachoweza kung'oa ng'oa. Usichoweza kizamishe kwa chuma butu kishuke chini ya mahali kisu chako kitakapofika. Gundi iliyokauka na matone ya saruji yakwangue. Na tafadhali usianze kwa msasa. Chembe za msasa hubaki zimejibanza kwenye vitundu vya mti, nawe utakuja kuzikata kwa kisu ulichokinoa nusu saa.

Kisu kinoe hasa. Kama huna kinoo kizuri, gundisha msasa wa maji juu ya kipande cha kioo kinene: namba 400, halafu 800, halafu 1200, na 2000 ukiipata. Sugua mgongo wa kisu pia, ule upande bapa, sentimita moja ya mwisho ing'ae. Kikinyoa malaika ya mkono kimefika. Kwa kazi ya kwanza ya kuondoa milima, pembe za kisu zizungushe kidogo zisiache mistari mirefu kama matuta ya shamba. Mninga mara nyingi una nyuzi zinazopishana, mstari huu unaelekea kwako, jirani yake unakukimbia, kwa hiyo utachanika popote utakapoelekea kama hukujiandaa. Kile chuma cha pili kinachofunika kisu kisogeze mbele mpaka kibaki kama nusu milimita au pungufu kutoka makali. Maranda yakipanda yatavunjwa mgongo kabla hayajapata nguvu ya kung'oa nyuzi. Mdomo wa randa uubane. Na tako la randa lipake nta ya mshumaa kila unaposikia mikono inaanza kulalamika. Utafikiri mtu amekuondolea mzigo.

Kwenye kona mbili za juu unaweza kuanza na randa ya umeme, ukiiweka ile kidogo kabisa, nusu milimita kwa pito. Imeze kona, lakini iondoke mapema. Mashine fupi ile haijui bonde ni lipi. Itapanda na kushuka na benchi kama ngalawa inavyofuata wimbi. Ukibakiza milimita moja, izime uendelee kwa mkono.

Namba 5 yako, Stanley au jamaa zake, ina urefu wa inchi 14 hivi. Ni fupi kidogo kwa benchi la futi 7. Wenye namba 7 ya inchi 22 wanajivunia kwa sababu inapita juu ya mabonde bila kuyatumbukia. Lakini usiende kukopa hela. Kwa randa fupi macho ni rula, na rula unayo. Utapima mara nyingi zaidi, basi.

Chora penseli juu ya uso wote, mistari ovyo ovyo kama mtoto. Ukingo wa mbali, ule unaoishia randa, ukate hanamu kidogo usije ukameguka. Kisha piga randa kwa kukatiza upana, kutoka kwako kwenda ng'ambo, usifuate urefu. Inaonekana kama kosa, hata jirani atakuja kukuuliza. Kwa upana mti hukatika kirahisi, mninga hauchaniki kwa kina, na unaondoa milima haraka. Maranda yatakuwa mafupi, yanavunjikavunjika, uso utaonekana mchafu. Uache. Pita pale tu palipoandikwa juu kwenye ramani yako, na kila baada ya mizunguko mitatu minne laza rula. Penseli inapofutika, kisu kimefika. Inapobaki, hapo ni bonde na hapana kazi yako. Kosa la wengi ni kuifuata penseli kwenye bonde waifute. Ukifanya hivyo umeliongeza bonde.

Baada ya kukatiza, nenda kimshazari, kutoka kona hadi kona, halafu mshazari wa pili. Hapa ndipo ubapa unapopatikana, kwa sababu kila pito linavuka mapito yaliyotangulia na kuyasuta. Vuta kamba tena. Pengo likiwa limebaki nusu milimita, yaani kona imepotoka milimita moja tu, mnyongo umeisha kwa kazi ya milango. Maliza kwa urefu, kisu kimetolewa nje kidogo mno, maranda membamba unayoweza kuona mwanga kupitia kwake. Palipochanika pakwangue kwa kipande cha kioo kilichovunjika au bamba la msumeno kuukuu lililonolewa. Funga barakoa wakati huo. Vumbi la mninga hukera pua na kifua, na kuna watu linawapandishia pumu.

Umeniuliza limekuwa sawa vya kutosha lini. Kwa upana karatasi tatu zisipenye mahali popote. Kwa urefu wote wa futi 7, tano. Karibu na jiliwa, kile kibano cha benchi, pale unaponyooshea vipande vidogo, uwe mkali zaidi, karatasi mbili. Ukibakiza kosa, bora liwe kibonde kidogo katikati kuliko kilima, maana mlango juu ya kilima hucheza kama mizani nawe utaukaza ukiwa umeegemea upande ambao hukuuona. Kuna watu wanatafuta ubapa wa kioo. Benchi ni mti. Ukilala, lenyewe linaendelea na mambo yake.

Likiwa tayari, lipake mafuta ya kitani, juu na chini kwa kiasi kilekile, hata kama chini hapaonekani. Vanishi usipake, uso utateleza na kazi itakukimbia. Matambara uliyopakia usiyakunje ukayatupa kona. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo la matambara linaweza kujiwasha lenyewe usiku. Yatandaze nje mpaka yakauke kabisa.

Ile milango miwili usiichome kuni bado. Ulaze kila mmoja juu ya benchi jipya upime kona imechomoza kiasi gani. Tuseme ukiufunga kwenye fremu ya ukuta, kona ya juu upande wa kitasa inachomoza milimita 10 huku ya chini inagusa. Hamisha bawaba ya chini milimita 5, uisogeze kuelekea upande uleule ambao kona ya juu imechomozea. Kona itarudi nusu, ibaki 5. Kizuio cha fremu ukikirekebisha kidogo nacho, ukikipunguza pale kinapogusa mapema, kilichobaki hakionekani isipokuwa na fundi mwenzako. Ukikuta mlango mmoja umepita milimita 15, huo fungua viungo kama gundi inakubali, au ukate paneli zake uzitumie kwenye kabati. Mteja mwambie ukweli kwamba benchi lilikuwa na kosa na umelirekebisha, halafu mpe tarehe ambayo utaitimiza.